Umesasisha Gradle, Kigezo Kikagoma: Anza Kutafuta Wapi?

Mtu anafika dawatini kwetu na kompyuta iliyo wazi. Amesasisha programu-jalizi ya Android ya Gradle (zana ya kujenga programu) kutoka toleo la 7 hadi la 8, na tangu hapo mradi haujengeki. Ujumbe wa kosa haufichi kitu: "Android Gradle plugin requires Java 17 to run. You are currently using Java 11." Naye anaapa kwamba JDK 17, yaani vifaa vya kutengenezea na kuendesha programu za Java, ameshaiweka. Kigezo cha mazingira JAVA_HOME kinaielekea, na `java -version` inajibu 17. Amesakinisha upya mara mbili, kosa liko palepale.

Kilichokuwa kinambishia kilikaa kwenye faili ya vigezo, gradle.properties, ila si ile ya mradi. Ni ile iliyo ndani ya folda ya `.gradle` katika saraka yake ya nyumbani. Humo mlikuwa na mstari mmoja, `org.gradle.java.home`, ulioelekeza JDK 11. Kigezo hicho hushinda JAVA_HOME, na faili ya nyumbani hushinda faili ya mradi. Git haiioni. Wenzake hawakuwa nao mstari huo, kwao kila kitu kilijengeka, akaonekana yeye ndiye mwenye kompyuta mbovu.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, jua zana inasoma nini na inakisoma wapi. Kwa Gradle, kilichotamkwa kwenye amri yenyewe kwa `-P` au `-D` ndicho chenye nguvu kuliko vyote, ikifuata faili ya nyumbani, kisha ya mradi, na mwisho ile iliyo kwenye folda Gradle ilikosakinishwa. Amri `./gradlew properties` itakuonyesha vigezo vya mradi kama Gradle inavyoviona. Ya `./gradlew --version`, katika matoleo ya karibuni, hutaja kando JVM (mashine pepe inayoendesha Java) iliyoanzisha amri na JVM inayofanya kazi yenyewe. Zikitofautiana, umeshapata pa kushika. Wa Maven, zana nyingine ya kujenga, watumie `mvn help:effective-pom`, inayochapisha pom (faili ya maelezo ya mradi) ikiwa imekwisha unganishwa na pom mzazi pamoja na profaili zilizowashwa, na `mvn help:effective-settings` kwa mipangilio ya Maven yenyewe.

Kigezo kinachogoma kwa kelele hakisumbui sana. Mfano tunaoukuta mara nyingi ni huu:

`org.gradle.jvmargs=-Xmx2048m -XX:MaxPermSize=512m`

Eneo la kumbukumbu liitwalo PermGen liliondolewa katika Java 8, mwaka 2014. Tangu hapo `MaxPermSize` haikuwa na kazi yoyote. Java ilitoa onyo dogo ikaendelea, na watu wakaendelea kunakili mstari huo kutoka mradi hadi mradi. Ilipokuja Java 17 mwaka 2021, uvumilivu ukaisha: "Unrecognized VM option 'MaxPermSize=512m'", na JVM haianzi kabisa. Dawa ni kufuta kipande hicho. Usikimbilie kukiandika upya kama `MaxMetaspaceSize` kwa namba ileile, maana utakuwa umeweka kikomo ambacho hakuna aliyekipima. Vivyo hivyo `android.enableBuildCache`, iliyoondolewa katika toleo la 7.0 la programu-jalizi: futa, usiitafutie mrithi.

Kazi ngumu iko kwa vinavyonyamaza. Gradle humruhusu yeyote aandike jina lolote ndani ya gradle.properties, hivyo ukiandika `org.gradle.paralel` kwa l moja, itapokelewa bila neno na haitafanya lolote. Na kuna kigumu zaidi ya hicho, yaani mstari ambao hukuwahi kuuandika. Toleo la 8.0 la programu-jalizi ya Android, la mwaka 2023, lilibadilisha chaguo-msingi kadhaa, moja likiwa la kutozalisha tena darasa la `BuildConfig` mpaka uombe. Msimbo unaolitumia unaanza kulalamika kwamba darasa halipo, nawe unahangaika na msimbo ambao hauna kosa. Washa `buildConfig` chini ya `buildFeatures` katika moduli inayolihitaji. Binafsi sipendi kuliwasha kwa mradi mzima kupitia gradle.properties, linasahaulika humo kama lile la JDK 11.

Wakati mwingine jina ni lilelile na thamani ni ileile, kilichobadilika ni namna ya kusoma faili. Tangu Maven 3.9, kila mstari wa `.mvn/maven.config` huhesabiwa kuwa hoja moja. Aliyekuwa ameandika `-T4 -DskipTests` kwenye mstari mmoja sharti aigawe miwili.

Faili za .properties nazo zina tabia zake. Mkwaju wa nyuma humezwa: `C:\Program Files\Java\jdk-17` husomeka `C:Program FilesJavajdk-17`, kwa hiyo andika mikwaju miwili miwili au tumia ule wa mbele. Nafasi tupu iliyobaki mwisho wa mstari haikatwi, huwa sehemu ya thamani. Nenosiri la hazina ya maktaba likiwa na nafasi hiyo litakataliwa, nawe ukilitazama unaliona sawasawa. Jina likirudiwa, la mwisho ndilo linalotawala.

Ukiwa bado hujasasisha, endesha toleo la zamani kwa `--warning-mode all` na usafishe maonyo yote kwanza. Kisha panda hatua moja moja: Gradle yenyewe kupitia wrapper (ile hati ya `gradlew` ya mradi), jenga, JDK, jenga, programu-jalizi, jenga. Anayebadilisha vyote siku moja huishia kubahatisha.

Ikijengeka kwako na kugoma kwenye seva, faili ziache kwanza. Tazama vigezo vya mazingira vya seva: `GRADLE_OPTS`, `MAVEN_OPTS`, na chochote kinachoanza na `ORG_GRADLE_PROJECT_`. Ukiona juu kabisa ya logi maneno "Picked up JAVA_TOOL_OPTIONS", kuna mtu aliyeiwekea kila JVM ya mashine hiyo masharti yake, na yaliyomo yamechapishwa hapohapo mbele yako.