Je, wajua kwa nini Yerusalemu moja ilisomwa kama miji minne?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kusoma Biblia kwa mafumbo ni uzushi wa juzi, njia ya wasomi kukwepa miujiza wanayoionea haya. Siku moja kwenye jumuiya yetu hapa Moshi, bibi mmoja aligonga kifua akasema, "Misri iko humu, na Farao yumo humu." Nilirudi nyumbani nikihofia kwamba amepotoshwa.

Nilikosea kwa karne nyingi. Paulo mwenyewe, akieleza habari za Hajiri na Sara, aliandika: "Mambo haya husemwa kwa mfano" (Wagalatia 4:24). Filo wa Aleksandria, Myahudi wa zama zake, aliisoma safari ya Abrahamu kama nafsi inayouacha utawala wa mwili na hisia. Katika karne ya 3 Origen, mwalimu Mkristo wa Aleksandria, akavichukua vituo 42 vya Waisraeli, vile vya Hesabu 33 ambavyo wengi wetu huviruka, akaona ndani yake hatua za nafsi kumwendea Mungu. Na Augustino, mwalimu mkubwa wa Kanisa, anashuhudia kuwa ni mahubiri ya askofu Ambrosi kule Milan, ya namna hiyohiyo, yaliyomfungulia Agano la Kale. Hawa hawakuwa wakiikimbia imani. Ndio walioilea.

Usomaji huo unafanyaje kazi? Yohane Kasiano, mtawa wa karne ya 5, alitumia neno Yerusalemu. Kihistoria ni mji wa Wayahudi. Kwa fumbo ni Kanisa. Kwa tumaini la mwisho ni mji wa mbinguni. Kwa maisha ya ndani ni nafsi ya mtu.

Ukitaka kuelewa, ingia kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, huko Marangu au Kibosho. Kuna udongo, juu yake mibuni, juu ya mibuni migomba, na juu kabisa mti mrefu wa mringaringa. Eneo ni lilelile. Mbuni unatulia kwenye kivuli cha mgomba, na majani ya mgomba yakioza yanarudi kuulisha udongo. Hakuna anayeng'oa mibuni ili aone migomba vizuri. Historia ndiyo udongo: Thomas wa Akwino, karne ya 13, alisisitiza kuwa maana zote nyingine husimama juu ya ile ya wazi.

Ila si kila mstari una tabaka zote, na udongo ukisombwa, mtu anaweza kudai chochote. Ndiyo maana walimu wa Antiokia, kama Theodoro wa Mopsuestia, waliwapinga wale wa Aleksandria waliosoma kwa mafumbo. Hofu yao naiona ya haki kabisa.

Baadaye nilimrudia yule bibi, nikamwamkia, nikamwuliza Farao wake ni nani. Akaniambia ni kinyongo alichonacho kwa shemeji yake tangu wagombanie mpaka wa kihamba. "Bahari naiona, mwanangu," akasema. "Sijavuka."