Je, wajua kwa nini walimu wanafundishwa kusoma makosa ya wanafunzi?

Watu wengi wakisikia walimu wamepelekwa semina ya kusaidia wanafunzi wenye ugumu wa kujifunza, wanajua huko wanaenda kufundishwa uvumilivu, yaani kuongea taratibu, kurudia rudia somo, kutomkaripia mtoto. Kumbe hiyo ni sehemu ndogo tu. Ticha anaweza kurudia kitu kilekile mara 10 kwa upole wote na mtoto bado akatoka mikono mitupu. Kazi yenyewe hasa ni kumzoesha mwalimu aliangalie daftari lililojaa makosa na ajue mtoto kapotelea wapi.

Chukua hesabu hii: 52 toa 38, mtoto kaandika 26. Wengi tutapiga X na kusonga mbele, ila huyo mtoto hajabahatisha hata kidogo. Kwenye mamoja kaona 2 na 8, kachukua ndogo kaitoa kwenye kubwa kapata 6, kwenye makumi 5 toa 3 kapata 2, basi. Mpe 71 toa 45 uone, ataandika 34, kwa mtindo uleule. Ana kanuni yake na anaifuata vizuri tu, tatizo kanuni ni mbovu. Mwalimu aliyepigwa msasa anamwambia afanye kwa sauti ili amsikie anavyowaza, alafu anampa vijiti vilivyofungwa mafungu ya kumi kumi, afungue fungu moja kwa mkono wake mwenyewe aone hayo mamoja yanatoka wapi.

Na hii habari ya kudhani mtoto ni mjinga au mvivu si ya leo. Mwaka 1896 daktari mmoja Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika kuhusu kijana wa miaka 14 anaitwa Percy, hesabu ya 749 mara 867 aliifanya fasta na akapata, lakini kusoma kulimshinda kabisa na jina lake mwenyewe aliliandika Precy bila kushtuka. Mwalimu wake alisema kama masomo yote yangekuwa ya mdomo tu, kijana huyo angekuwa mkali kuliko wote shuleni. Leo hali hiyo tunaiita disleksia.

Sasa kwa nini mtu aweze hesabu ashindwe kusoma? Maandishi yana miaka kama 5,000 tu hivi, kwa hiyo hakuna mtu anazaliwa na sehemu ya ubongo iliyotengenezwa kwa ajili ya kusoma, kila mtoto lazima aunganishe sehemu za kuona na sehemu za sauti upya, na kwa wengine muunganiko huo unakuwa mgumu hata kama akili ipo ya kutosha. Hapa kuna mtego walimu wengi wananasa: mtoto akisoma baba akasema dada, wanakimbilia kusema ana disleksia. Hapana. Kikombe ukikigeuza mkono ukawa kushoto bado ni kikombe, ila b ukiigeuza ni d, na wanaoanza kusoma karibu wote wanajikwaa hapo. Dalili ya kuangalia zaidi ni sauti. Mwambie mtoto aseme kalamu bila ka. Wenzake wanasema lamu haraka, yeye kila siku anakodoa macho.

Halafu lugha nayo ina mambo yake. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na kwenye lugha za namna hii mtoto mwenye disleksia anaweza kusoma maneno mengi sawasawa lakini polepole mno, silabi kwa silabi, mpaka afike mwisho wa sentensi mwanzo ameshausahau. Mwalimu anayehesabu makosa peke yake hatamuona, lazima aangalie na spidi.

Kuna ishu ya maagizo pia. “Fungueni ukurasa wa 34, fanyeni swali la pili mpaka la tano, ukimaliza leta daftari, kitabu rudisha kabatini.” Hayo ni mambo manne kwa pumzi moja, na mtoto mwenye kumbukumbu fupi ya kazi, yaani ile ya kushika mambo kichwani kwa muda mfupi wakati anayafanya, anabaki na la mwisho, anainuka kurudisha kitabu, anaonekana mtukutu. Dawa yake wala haina gharama: agizo moja moja, na yeye alirudie kwa mdomo wake.

Nitoe dukuduku langu hapa: baadhi ya semina bado zinafundisha kwamba kuna watoto wa kujifunza kwa macho, wengine kwa masikio, wengine kwa mikono, uwagawe makundi. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo hawakuona ushahidi wa kutosha wa kuwagawa hivyo. Kumshirikisha mtoto aone, atamke na achore herufi kwa kidole kwa pamoja ni sawa, kumfungia kwenye kundi moja ndio shida.

Na semina ya siku moja yenye chai na cheti, tusidanganyane, haibadilishi sana darasa. Kinachosaidia ni mwalimu mwenye uzoefu kuja kukaa nyuma ya darasa, kumuangalia mwenzake akifundisha, wakae waongee, arudi tena wiki nyingine. Wala mwalimu hafundishwi kutoa jina la tatizo, hiyo ni kazi ya mtaalamu. Yeye anamwandikia mtaalamu alichokiona kwa macho yake: maneno mangapi kwa dakika, kakwama kwenye sauti gani, nini nimejaribu na kwa wiki ngapi.