Samaki haba, bei juu: dhana potofu kuhusu mapato ya pwani

Dhana: Samaki wakipungua bei hupanda, kwa hiyo mvuvi hapotezi kitu.

Mgao ndio unaokataa. Katika vyombo vingi vya pwani ya Kenya na Tanzania, pesa ya mnada hukatwa kwanza gharama za safari (petroli, barafu, chambo). Kinachobaki, nusu ni ya chombo na nusu ya mabaharia. Tupige hesabu ya mfano: kilo 60 kwa shilingi 5,000 za Tanzania kila kilo ni 300,000. Toa gharama 90,000, zinabaki 210,000. Mabaharia wakiwa watano, kila mmoja anapata 21,000. Sasa wapatikane kilo 30, bei ipande hadi 6,500. Mnada unaleta 195,000, gharama ni zile zile, na baharia anaondoka na 10,500. Bei imepanda kwa asilimia 30, mgao umekatika nusu. Nahodha akilazimika kwenda mbali zaidi na gharama ikafika 110,000, mgao ni 8,500. Hapo mvuvi hukopa mafuta au nyavu kwa tajiri, na samaki wake anakuwa amekwisha kuuzwa kabla hajavuliwa, kwa bei ya tajiri.

Dhana: Anayeumia ni mvuvi peke yake.

Mama karanga hununua samaki wadogo, huwakaanga na kuwauza mtaani. Samaki wakiwa haba, wachuuzi wenye mitaji na mahoteli humzidi mnadani. Akipata nusu ndoo, bado anawasha jiko zima.

Dhana: Meli za kigeni ndizo zimemaliza samaki wetu wote.

Zile za bahari kuu hufuata hasa jodari. Tasi na changu wa mwambani humalizwa zaidi na juya (wavu mrefu wa kukokota) na nyavu za macho madogo. Trola za kamba zinazovua karibu na pwani ni kesi nyingine; malalamiko ya wavuvi wa Ghuba ya Ungwana, Kenya, dhidi yake yana msingi.

Dhana: Kufunga mwamba (kuzuia uvuvi hapo kwa muda) ni kunyima watu riziki.

Pweza huishi takriban mwaka mmoja na hukua upesi, ndiyo maana Songosongo (Kilwa) na Kisiwa Panza (Pemba) wamewahi kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache. Kinachoharibu ni siku ya kufungua: wote huingia bamvua moja (siku za maji kupwa sana), mnunuzi hana barafu ya kutosha, bei inaanguka. Patana naye bei mapema, aje na mizani na barafu, na kila mara acheni mwamba mwingine wazi. Lakini msitegemee hivyo kwa chewa: huchukua miaka kukomaa, miezi mitatu haimsaidii.