Kupanga Likizo Malta: Dhana Potofu Zinazomgharimu Msafiri na Ukweli Wake

Kwenye ramani ya Bahari ya Mediterania, Malta huonekana kama nukta iliyo kusini mwa Sicily, umbali wa kilomita zipatazo 90. Visiwa vyake vitatu vinavyokaliwa au kutembelewa zaidi, yaani Malta, Gozo na Comino, vina jumla ya eneo la kilomita za mraba 316 tu, ilhali Unguja peke yake ni kubwa kuliko nchi hiyo nzima kwa takribani mara tano. Udogo huo ndio unaowapotosha wengi. Huamini kwamba mahali padogo hapahitaji mpango, wakati hali ilivyo ni kinyume chake: nchi yenye wakazi zaidi ya nusu milioni iliyopokea watalii zaidi ya milioni 3.5 mwaka 2024 ina nafasi finyu ya kuwatosha wote kwa wakati mmoja, na anayefika bila maandalizi hukuta milango mizuri zaidi imekwisha kufungwa. Dhana zifuatazo ndizo zinazosikika mara nyingi, na nimezipa uzito usiolingana kwa sababu madhara yake hayalingani.

Dhana: "Malta ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola, kwa hiyo hatuhitaji viza"

Ni kweli kwamba Malta ilitawaliwa na Uingereza, ikapata uhuru tarehe 21 Septemba 1964, na imo katika Jumuiya ya Madola kama zilivyo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Uanachama huo, hata hivyo, haumfungulii mtu forodha. Malta iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004 na eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, mwishoni mwa 2007, na tangu hapo sheria za viza zinazotumika ni zile zile zinazotumika Ufaransa au Ujerumani. Mwenye pasipoti ya nchi yoyote ya Afrika Mashariki anahitaji viza ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima imekuwa yuro 90 tangu Juni 2024. Anahitaji pia bima ya safari inayogharimia matibabu ya kiasi kisichopungua yuro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na hayapaswi kuwasilishwa zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Lakini kwa kuwa uamuzi unaweza kuchukua hadi siku 45 pale faili linapohitaji uchunguzi zaidi, na miadi yenyewe katika miezi ya joto haipatikani upesi, aliye makini huanza shughuli hiyo miezi mitatu au minne mapema.

Hapa kuna mambo mawili yanayowagharimu watu fedha bila sababu. La kwanza ni kununua tiketi ya ndege isiyorudishwa kabla ya viza kutoka, ingawa kinachotakiwa kuonyeshwa ni mpango wa safari na nafasi iliyowekwa. La pili ni kudhani kwamba kibali cha kuishi Uingereza kinatosha kuingia Malta. Hakitoshi, kwa sababu Uingereza haimo katika Schengen. Mtanzania anayeishi Birmingham lazima aombe viza, ambapo ndugu yake mwenye kibali halali cha ukazi cha Ujerumani, Ubelgiji au Norwei anaweza kwenda Malta kwa pasipoti na kibali hicho, mradi asizidishe siku 90 katika kipindi cha siku 180. Waswahili wanaoishi kihalali Oman na nchi nyingine za Ghuba huomba huko huko wanakoishi, bila kulazimika kurudi nyumbani.

Jambo lingine linalosahauliwa na wengi ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Malta ni miongoni mwa nchi chache za Ulaya zinazokidai kwa wasafiri wanaotoka katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, zikiwamo Kenya, Uganda na Kongo. Ni vyema kitabu hicho cha manjano kiwekwe pamoja na pasipoti.

Dhana: "Mediterania ni joto mwaka mzima, na wakati bora ni Agosti"

Mtu aliyezoea bahari ya Tanga au Malindi, ambayo maji yake hayashuki sana chini ya nyuzi 25, hushangaa sana akijitosa katika bahari ya Malta mwezi Machi, ambapo maji huwa kwenye nyuzi 15 au 16. Jua huwaka, picha hutoka zikiwa na anga ya buluu, lakini wanaoogelea ni wachache mno. Kuanzia Desemba hadi Februari mvua na upepo ni jambo la kawaida, na nyumba za mawe ya chokaa, zilizojengwa kwa kukabili joto, huwa na unyevu na baridi ya ndani ambayo mgeni hakuitarajia. Anayekodi nyumba majira hayo aulize waziwazi kama kuna kipasha joto.

Agosti nayo ina matatizo yake. Joto la mchana huzidi nyuzi 30 kwa wiki nyingi na wakati mwingine hukaribia 40. Kupanda na kushuka mitaa ya ngazi ya Valletta, mji mkuu, saa saba mchana ni mateso kwa mzee na kwa mtoto. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya Santa Marija, ambapo Wamalta wenyewe huchukua likizo na wengi wao kuhamia Gozo, hivyo vyumba huadimika na bei hupanda. Sisemi kwamba sherehe hizo hazifai kuonwa, kwa kuwa sherehe za watakatifu wa vijijini, pamoja na bendi zake na fataki zake, ni sehemu halisi ya maisha ya nchi hiyo. Lakini hufanyika mwezi baada ya mwezi katika majira yote ya joto, na hakuna haja ya kuchagua wiki iliyo ghali kuliko zote.

Bahari hupata joto polepole na kulipoteza polepole. Ndiyo maana mwezi Septemba maji huwa ya joto kuliko Juni, karibu nyuzi 25 dhidi ya 22, ingawa hewa ya miezi hiyo miwili inakaribiana. Kwa familia inayotaka kuona mambo ya kale asubuhi na kuogelea jioni, mimi ningechagua Septemba au wiki za mwanzo za Oktoba bila kusita, nikijua kwamba mvua za kwanza zinaweza kunyesha kwa nguvu siku moja au mbili.

Dhana: "Kisiwa ni ufukwe mtupu, popote nitakapolala nitaamkia mchanga"

Pengine hii ndiyo dhana inayoharibu likizo nyingi zaidi, kwa sababu mtu huigundua akiwa amekwisha kulipia hoteli. Sehemu kubwa ya pwani ya Malta ni mwamba. Sliema na St. Julian's, miji yenye hoteli nyingi zaidi, ina ukingo mrefu wa mawe bapa ambako watu huoga jua juu ya mwamba na kushuka majini kwa ngazi za chuma. Maji ya hapo ni safi na ya kina, na anayejua kuogelea vizuri huyafurahia, lakini hapamfai mtoto anayetaka kuchimba mchanga. Fukwe za mchanga zipo zaidi kaskazini-magharibi: Mellieħa Bay, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote na ina maji mafupi yanayowafaa watoto, Golden Bay, na Għajn Tuffieħa, ambayo hufikiwa kwa kushuka ngazi nyingi. Kule Gozo kuna Ramla, yenye mchanga wa rangi nyekundu. Mwenye watoto wadogo na atafute malazi Mellieħa, aende Valletta kwa basi siku anazotaka kutembea mjini, badala ya kufanya kinyume chake. Viatu vya majini vinafaa kuwekwa kwenye sanduku kwa ajili ya miamba.

Mtu wa pwani yetu huongeza kosa jingine la kimazoea, nalo ni kuuliza saa za maji kujaa na kupwa. Nyumbani swali hilo ni la lazima, maana bahari huweza kupanda na kushuka kwa mita tatu au zaidi wakati wa bamvua. Malta tofauti hiyo ni sentimita chache tu, haizidi kimo cha goti, na haibadilishi ratiba ya muogeleaji. Kinachoamua kama siku ni ya kuogelea au si ya kuogelea ni upepo. Ukivuma kutoka kaskazini-magharibi, ambao Wamalta huuita majjistral na ndio unaovuma mara nyingi, Golden Bay na Għajn Tuffieħa huchafuka kwa mawimbi, na hapo ni bora kwenda kusini-mashariki, kwa mfano Pretty Bay iliyopo Birżebbuġa. Ukivuma grigal kutoka kaskazini-mashariki, mambo hugeuka: Mellieħa Bay na ukingo wa Sliema hupigwa na mawimbi, na upande wa magharibi hutulia. Anayesoma utabiri wa upepo kila jioni kabla ya kulala hupata bahari tulivu karibu kila siku, kwa kuwa kisiwa hicho kina urefu wa kilomita 27 tu na upande wa pili hauko mbali. Upepo huo huo ndio unaosukuma yavuyavu kuelekea ghuba fulani. Wanaouma hasa ni wale wadogo wa rangi ya zambarau, na bendera ya rangi hiyo ikipandishwa ufukweni ina maana wapo majini.

Dhana: "Mambo ya kale ya kuona ni machache, siku mbili zinatosha, na tiketi nitanunua mlangoni"

Valletta, mji uliojengwa na Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, shirika la wapiganaji Wakatoliki lililotawala Malta, kuanzia mwaka 1566, mwaka mmoja baada ya kuzingirwa na majeshi ya dola la Uthmaniya, umo wote katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1980. Ndani ya kanisa kuu la Mtakatifu Yohane kuna mchoro wa Mwitaliano Caravaggio wa mwaka 1608 unaoonyesha kukatwa kichwa kwa Yohane Mbatizaji, ambao ni mkubwa kuliko michoro yake mingine yote, na ndio pekee ulio na saini yake. Kanisa hilo halipokei watalii siku ya Jumapili, na anayeingia anatakiwa kufunika mabega. Viatu vyenye visigino vyembamba haviruhusiwi kwa sababu sakafu yake ni makaburi ya marumaru. Aliyepanga Jumapili kuwa siku ya Valletta amepoteza jambo kubwa, na angefanya vyema kuitumia siku hiyo kwenye soko la samaki la Marsaxlokk.

Mahekalu ya mawe makubwa ni ya kale zaidi kuliko watu wengi wanavyofikiri. Ġgantija ya Gozo ilianza kujengwa karibu mwaka 3600 kabla ya Kristo, yaani miaka elfu moja kabla ya mapiramidi ya Giza. Ħaġar Qim na Mnajdra, yaliyopo juu ya majabali ya kusini, yanaonwa kwa urahisi. Ħal Saflieni si hivyo. Ni makaburi yaliyochongwa ndani ya mwamba chini ya ardhi, yaliyogunduliwa mwaka 1902 na mafundi waliokuwa wakijenga nyumba juu yake. Kwa kuwa pumzi na joto la wageni huharibu rangi nyekundu iliyopakwa kwenye dari zake tangu enzi hizo, wanaoingia ni watu 10 tu kwa kila saa, na watoto wa chini ya miaka sita hawaruhusiwi. Tiketi zake huisha wiki nyingi kabla. Nashauri kwa dhati kwamba tarehe ya Ħal Saflieni ndiyo iwe ya kwanza kupatikana baada ya viza, kisha siku nyingine zipangwe kuizunguka.

Kuhusu mwendo, ufupi wa kilomita usimdanganye mtu. Malta haina treni tangu 1931, magari ni mengi kupita kiasi, na basi kutoka Valletta hadi bandari ya Ċirkewwa huweza kuchukua zaidi ya saa nzima. Sehemu mbili kwa siku ni kipimo kizuri. Anayetaka kukodi gari atafarijika kwamba huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu, Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kimalta, na hata soketi za umeme ni zile za pini tatu tulizozizoea.

Dhana: "Comino na Gozo nitazimaliza kwa siku moja ya boti"

Boti za namna hiyo zipo na hujaa. Lakini Blue Lagoon ya Comino ni kighuba kidogo kilichokuwa kikilemewa na maelfu ya watu kila siku, hadi mwaka 2025 idadi ya wanaoruhusiwa kuwapo kwa wakati mmoja ilipopunguzwa kufikia 4,000, na kila mgeni akatakiwa kujiandikisha mapema kupitia intaneti, bila malipo. Kivuli hakipo. Asubuhi na mapema ndipo rangi ya maji huonekana kabla ya boti kubwa kufika.

Gozo inastahili usiku wake angalau mmoja, na kwa maoni yangu miwili. Matangazo kadhaa ya safari bado yanaonyesha Azure Window, tao la mwamba lililokuwa Dwejra. Tao hilo liliporomoka baharini kwa dhoruba tarehe 8 Machi 2017, wala hakuna kilichobaki juu ya maji. Hata hivyo Dwejra yenyewe bado inavutia kwa majabali na ziwa lake dogo la chumvi, na ngome ya Ċittadella, mashamba ya chumvi ya Xwejni na Ġgantija hujaza siku mbili bila haraka. Feri kubwa ya magari kutoka Ċirkewwa huchukua dakika 25 hivi hadi Mġarr, bandari ya Gozo. Ukienda kwa feri hiyo hutakatiwa tiketi upande wa Malta. Nauli ya kwenda na kurudi hulipwa wakati wa kuondoka Gozo. Kwa hiyo aliyepanga kurudi Valletta kwa boti ya kasi, ambayo humfikisha moja kwa moja mjini kwa dakika 45 hivi, analipa nauli ya boti hiyo peke yake.