Je, wajua kwa nini Kihawaii kilikaribia kufa ingawa hakikupigwa marufuku?

Ukiuliza kwa nini lugha ya wenyeji wa visiwa vya Hawaii ilikaribia kutoweka, aghalabu utajibiwa kwamba iliharamishwa mwaka 1896. Mimi nililiamini jibu hilo kwa miaka mingi, na nimewapa wengine vilevile. Nilikosea.

Malkia Liliʻuokalani alipinduliwa mwaka 1893. Serikali iliyofuata ndiyo iliyopitisha sheria ya 1896, miaka miwili kabla ya visiwa kutwaliwa na Marekani. Sheria ilisema Kiingereza ndicho kitumike kufundishia katika shule zote, za umma na za binafsi. Haikumkataza mtu kusema Kihawaii nyumbani, kanisani wala sokoni. Tena shule nyingi zilikuwa zimeshageukia Kiingereza kabla yake. Magazeti ya Kihawaii, yaliyoanza mwaka 1834, yaliendelea kuchapwa, na la mwisho lilifungwa 1948, zaidi ya nusu karne baada ya sheria. Yalikuwa zaidi ya 100, na kurasa zake zinapita laki moja.

Kusema hivi si kuipunguza dhuluma. Wazee wengi walisimulia walivyoadhibiwa shuleni kwa kutamka lugha ya mama zao. Lakini kama kilichoiua lugha ni marufuku, kuiondoa kungetosha kuifufua, nako hakukutosha. Katiba ya jimbo ilikifanya Kihawaii kuwa lugha rasmi, pamoja na Kiingereza, mwaka 1978. Miaka michache baadaye, watoto waliokizungumza walikadiriwa kuwa chini ya 50. Ni makadirio tu, na kwa kawaida hayakihesabu kisiwa kidogo cha Niʻihau, ambako watu hawakuacha kukitumia.

Basi ni nini kilichokatika? Fikiria nyumba isiyo na kiberiti. Usiku mama hufukia kaa katika majivu, alfajiri hulifukua, akapuliza, moto ukawaka. Moto wa leo umetokana na wa jana, na wa jana na wa juzi. Nyumba hiyo inaweza kuwa na kuni hadi darini, lakini kaa likizimika usiku mmoja, kuni hizo hazitajiwasha. Magazeti, kamusi na Biblia ya Kihawaii ni kuni, na Hawaii ilikuwa nazo tele. Kilichozimika ni kaa: waliochapwa shuleni walipokuwa wazazi, wengi waliamua kusema na watoto wao kwa Kiingereza ili wasiteseke kama wao. Bibi na babu walibaki na lugha, wajukuu wakakosa, na aliyekaa katikati hakuwa na cha kupitisha.

Moto ukizimika, watu huenda kuomba kwa jirani. Wahawaii walijifunza kwa Wamaori wa New Zealand, waliokuwa wameanza kulea watoto wadogo kwa lugha yao mwaka 1982. Mwaka uliofuata likaundwa shirika la ʻAha Pūnana Leo; pūnana leo ni kiota cha sauti. Shule ya kwanza ya chekechea ilifunguliwa Kekaha, kisiwani Kauaʻi, mwaka 1984. Mtoto hafundishwi Kihawaii humo kama somo. Anaombea maji, anagombania mdoli na kubembelezwa kwa Kihawaii, na waliozaliwa nacho waliletwa wakae naye. Kaa lilirukishwa kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu, na wazazi nao walitakiwa kujifunza. Vizuizi vya sheria kwa shule hizo viliondolewa 1986, madarasa ya msingi yakaanza 1987, na wahitimu wa kwanza wa sekondari wakatoka 1999.

Kuni zile sasa zina kazi. Kamati ya maneno hutunga istilahi, na kompyuta, kwa mfano, ni lolouila, yaani ubongo wa umeme.

Je, moto huu ni uleule? Wapo wanaosema lafudhi ya vijana imeegemea Kiingereza na haifanani na ya wazee. Hesabu nazo zisomwe kwa uangalifu: zaidi ya watu 18,000 huripotiwa kusema Kihawaii nyumbani, lakini hayo ni majibu yao wenyewe, na hayapimi umahiri. Linaloonekana bila hesabu ni kwamba baadhi ya watoto wa viota vya kwanza wameshakuwa wazazi, na wanawalea wanao kwa Kihawaii tangu siku ya kuzaliwa.