Kabla hujafungua pampu: dhana potofu kuhusu akseleta na kruzi kontroli kwenye dizeli za zamani

Lori la zamani la dizeli likianza kulegea kwenye mpando wa kutoka njia panda ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) kwenda Usa River, hukumu hutolewa hata kabini haijainuliwa: pampu ya dizeli, ile inayopeleka mafuta kwenye injini, imechoka. Hakuna dhana inayowatoa wenye magari pesa nyingi kuliko hii, ndiyo maana naanza nayo.

Pampu hutoa mafuta kulingana na mkono wake ulivyovutwa. Mkono huo unavutwa na kebo, au vyuma vilivyoungana, kutoka kwenye pedali ya akseleta. Kebo ikilegea, bushi ya plastiki pale kwenye pedali ikilika, au zulia likijikunja chini yake, dereva anakanyaga mpaka mwisho huku mkono wa pampu ukiishia njiani. Pampu ni nzima, ila haijaambiwa itoe mafuta yote.

Kulipima hilo hakuhitaji mashine. Zima injini. Mwambie tandiboi akanyage akseleta mpaka sakafuni na ashikilie hapo hapo. Wewe inama uangalie mkono wa pampu: umegusa skrubu ya kikomo, ile inayouzuia usiende mbele zaidi? Usukume kwa kidole. Ukisogea hata milimita chache, umeshajua nguvu zilikopotelea. Kaza nati za kebo mpaka mkono ufike kikomo pedali ikiwa chini, na kebo ibaki na ulegevu kidogo pedali ikiwa juu. Kwenye magari ya kabini ya kuinua, kama Fuso na Canter, ifuate kebo mpaka pale inapopita kabini inapokunjia, kwa sababu kila kabini inapoinuliwa kebo nayo inakunjwa. Ukimaliza, kagua filta ya dizeli na filta ya hewa. Fundi wa pampu ni wa mwisho kupigiwa simu.

Na tuwe wakweli kuhusu mwinuko. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, Arusha iko karibu mita 1,400. Injini isiyo na turbo hupata hewa pungufu kadiri inavyopanda, kwa hiyo kulegea kidogo na kutoa moshi mweusi zaidi ukiwa na mzigo si lazima kuwe ugonjwa.

Kuna wanaosema dawa ni kufungua ile skrubu ya kikomo ili gari "lipate moto". Skrubu ile inaweka mwisho wa mizunguko ya injini, na kiwandani mara nyingi hufungwa kwa waya na lakiri ya madini ya risasi ili isichezewe. Ukiifungua, unairuhusu injini izunguke kupita ilivyotengenezwa kuhimili, na mlimani bado itahema vilevile. Naomba sana: iacheni.

Wengine wanaamini akseleta ya dizeli inafungulia hewa, kama ya petroli. Kwenye dizeli nyingi za zamani hewa inaingia bila kizuizi. Pedali inavuta springi ya gavana, kidhibiti cha mizunguko ya injini kilicho ndani ya pampu, na gavana ndiye anayeamua mafuta kiasi gani yaende. Ndiyo maana lori likiwa gia namba moja linaweza kupanda kilima polepole bila mguu kwenye akseleta: gavana anaongeza mafuta mwenyewe kulinda sailensi, yaani mizunguko ya injini pedali ikiwa haijakanyagwa. Zipo injini chache za zamani, zikiwemo baadhi za Land Cruiser, zenye kipepeo (kilango cha kuzunguka) kwenye njia ya hewa kwa ajili ya gavana anayetumia vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa. Hizo ukiona injini inapaa yenyewe, kagua mpira wa vakyumu na dayaframu (utando) ya pampu kabla ya kitu kingine.

Kebo ngumu ipakwe grisi? Hapana. Grisi nzito inashika vumbi, na vumbi letu la barabara za mbugani linaigeuza kuwa tope la kusugua. Kebo iliyoanza kuchanika nyuzi haina tiba, nunua nyingine. Chomoa ncha ya upande wa pampu, ipitishe kati ya vidole, utasikia nyuzi zilizokatika zikichoma.

Sasa kruzi kontroli, kifaa kinachoshikilia kasi ya gari bila mguu kwenye akseleta. Ikikataa, watu wengi husema kompyuta yake imekufa, halafu wanaiacha kama pambo. Mara nyingi kompyuta haina kosa. Kruzi imetengenezwa ijizime ukigusa breki au krachi, kwa hiyo swichi ya pedali iliyokaa vibaya inaiambia kila wakati kwamba umekanyaga. Anzia kwenye fyuzi na taa za breki. Kuna magari ya zamani ambayo kruzi hupima umeme kupitia balbu za breki zenyewe. Ukiweka balbu za LED, ambazo vijana wanazipenda sana, kruzi inagoma. Rudisha balbu za kawaida ujaribu tena kabla hujalaumu kitu kingine.

Tazama na mshale wa spidi. Ukiwa umelala, kruzi haijui gari linakwenda kasi gani na haitashika. Nyingi za zamani pia hazishiki chini ya takriban kilomita 40 kwa saa, hivyo usizijaribie kwenye matuta ya Boma Ng'ombe.

Kama kruzi yako inavuta kwa vakyumu, kumbuka dizeli ina pampu ya vakyumu ya pekee, mara nyingi nyuma ya alteneta, na ndiyo hiyo hiyo inayohudumia busta ya breki, ile inayokupunguzia nguvu ya kukanyaga. Kruzi ikishika halafu ikaachia mlimani, na pedali ya breki nayo imekuwa ngumu, usiendelee na safari mpaka umekagua mipira na pampu hiyo.

Sailensi ikiwa juu muda wote, fungua kebo ya kruzi pale kwenye mkono wa pampu. Ikishuka, kruzi ndiyo iliyokuwa inavuta. Isiposhuka, rudi kwenye kebo ya akseleta.

Kwamba kruzi inaokoa mafuta popote si kweli, inafaa tambarare. Mlimani inang'ang'ania kasi, na mteremkoni nyingi za zamani hazifungi breki hata kidogo. Mteremko wa kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu ushukwe kwa gia.

Ya mwisho inahusu uhai. Akseleta ikinasa, wapo wanaofundisha "chomoa ufunguo". Ukichomoa, usukani unaweza kujifunga. Kanyaga krachi au weka nyutro, funga breki kwa nguvu moja bila kuipampu, toka barabarani, kisha ndipo uzime. Injini italia kwa sauti, lakini gavana mzima hataiacha ipite kikomo. Ukishasimama, tafuta springi ya kurudisha mkono wa pampu. Ukikuta mahali pake pamefungwa kipande cha mpira wa tyubu, kitoe: joto la injini linaukausha na unaacha kuvuta. Springi ya saizi yake utaipata kwenye maduka ya spea, na bei yake ni ndogo.