Weupe wa Nguo za Pamba: Uchafu Uliotoka Huweza Kurudi

Dhana inayosikika sana katika nyua za Nairobi ni kwamba shati jeupe la pamba huwa la kijivu kwa sababu halikusuguliwa vya kutosha, na lawama humwangukia mama fua. Mara nyingi ukweli ni kinyume. Uchafu ulikwisha kutoka, ukabaki ukielea katika beseni, kisha ukaushika uzi upya, kidogo kidogo kila nguo zinapofuliwa. Ndiyo maana sabuni nyingi za unga hutiwa kaboksimethili selulosi, kiungo kinachotokana na mbao au nyuzi fupi za pamba, na ambacho, ajabu ni kwamba, hutiwa pia katika aiskrimu ili iwe laini. Kwa kuwa pamba yenyewe ni selulosi, yaani dutu inayojenga nyuzi za mimea, kiungo hicho hujishikiza kwenye uzi na kuupa chaji hasi ya umeme. Chembe za udongo zilizomo majini nazo zina chaji hasi, kwa hiyo hufukuzana na kitambaa hadi zimwagwe pamoja na maji.

Kinga hiyo ina mpaka wake. Siku za mgao, maji yaleyale hufua mashati, suruali na hatimaye soksi. Shati jeupe lililosahauliwa likitumbukizwa mwishoni, hakuna sabuni itakayoliokoa. Wingi wa povu nao si kipimo cha usafi, kwani sabuni za mashine hutengenezwa makusudi zitoe povu kidogo.

Wengine huamini kwamba jiki, dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, humaliza kila doa. Udongo mwekundu wa Nairobi hupata rangi yake kutokana na oksidi za chuma, ambazo klorini haiziondoi, na jiki ikitumiwa kupita kiasi hudhoofisha uzi wa pamba. Afadhali tope liachwe likauke, lipigwe brashi, ndipo nguo ilowekwe kwenye sabuni.

Mng'ao wa juani pia hudanganya. Viangazaji vilivyomo katika sabuni hufyonza mionzi ya urujuanimno na kutoa mwanga wa buluu unaoficha umanjano, na ndivyo vinavyolifanya shati jeupe liwake chini ya taa za disko, hata kama kola yake haijatakata. Buluu ya kusuuzia, waliyoizoea mama zetu, haiongezi mwanga wowote: hufyonza sehemu ya mwanga wa manjano, hivyo nguo huonekana nyeupe zaidi ilhali kwa kweli mwangaza wake umepungua kidogo.